Kyela: Mtoto anapotolewa chumba cha nyuma

Kosta inayotoka Mbeya kwenda Kyela ikishaiacha Tukuyu, abiria huanza kuvua makoti. Mashamba ya chai yanabaki nyuma, migomba inaendelea, na joto linaingia dirishani bila kupiga hodi. Njia hiyo inashuka zaidi ya mita 1,000 mpaka kwenye tambarare iliyo kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, kati ya Milima ya Livingstone na Mto Songwe. Mbele kidogo barabara inagawanyika: moja inakwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, na nyingine inaingia mjini Kyela.

Watanzania wengi wanaijua Kyela kwa mchele. Sokoni Dar es Salaam kila mchele unaonukia huitwa wa Kyela, hata ule ambao haujawahi kuiona Kyela. Wilaya ina kokoa pia, inayoanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, ina michikichi ya mawese, na ina samaki wa ziwani, usipa na mbasa. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka milimani na kumwaga maji yake hapa. Mvua za Machi mpaka Mei ni za kutisha, na mito ikijaa, mashamba na vijia vyote vinakuwa maji matupu.

Mpunga unaipenda hali hiyo. Kiti cha magurudumu hakiipendi hata kidogo. Mzazi wa Kyela mwenye mtoto asiyetembea anaijua kalenda ya mvua kuliko mkulima, kwa sababu kwa miezi mitatu mgongo wake ndio unaokuwa gari.

Siku ya Jumapili mji wote unaelekea ibadani. Kuna Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, na makanisa ya Kipentekoste ambayo spika zake husikika mpaka mtaa wa pili. Watu wanasalimiana kwa Kinyakyusa, "Mugonile", na jibu linarudi, "Ndaga". Akina mama wamevaa sare za idara zao, kwaya zimejipanga. Mgeni akiangalia mabenchi hayo atasema watu wote wapo. Mwenyeji anajua nani hayupo. Hayupo yule mtoto wa nyumba ya tatu anayeanguka kifafa. Hayupo binti mwenye mtindio wa ubongo ambaye majirani wanajua sauti yake tu, sura hawaijui. Mama yao yupo, amekaa karibu na mlango ili awahi kuondoka.

Mtoto wa namna hiyo anaishi chumba cha nyuma, mara nyingi si kwa ukatili. Anawekwa huko kwa aibu, kwa hofu ya maneno, na kwa sababu mama hana mtu wa kumwachia anapokwenda shambani. Mkasa huo wa familia ukigeuka kuwa huduma, mara nyingi huwa umeanza hapo hapo, na mtu aliyechoka kuficha.

Kilomita chache tu kutoka mjini ni Ipyana, neno ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni neema. Wamoravian walifungua kituo chao hapa mwaka 1894. Walikuwa wameingia nchi hii mwaka 1891, vijana wanne kutoka Ujerumani: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alifariki mwaka huo huo. Mwaka huo pia Walutheri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika upande wa mashariki, wakaanza kazi iliyofika mpaka ufukweni chini ya Milima ya Livingstone. Majina hayo yamehubiriwa sana. Kisichosemwa sana ni hofu ambayo familia za hapa zilikuwa nayo juu ya uzazi usio wa kawaida.

Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila walioishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwamba mapacha walipozaliwa, wazazi na watoto wote walihesabiwa kuwa watu wa kutisha. Ilidhaniwa wangewaletea ndugu na majirani ugonjwa wa kuhara na kuvimba miguu, na kwamba hata ng'ombe wangedhurika. Kwa hiyo walitengwa mpaka ukoo ukamilishe matambiko na dawa za kuwarudisha kati ya watu. Msomaji asicheke. Ilikuwa njia ya jamii kukabili jambo isiloweza kulieleza, na ilikuwa na mwisho: baada ya matambiko mzazi alirudi kukaa na wenzake. Leo matambiko hayo yamepungua sana, lakini hofu haikuondoka yote. Imehamia kwa mtoto mwenye ulemavu, na mbaya zaidi, safari hii haina siku ya kumaliza.

Hofu hiyo siku hizi inazungumza Kiswahili, na wakati mwingine inabeba Biblia. Watu huuliza nani amekosa, mama au baba. Mara nyingi jibu linamwangukia mama: ukoo wao una mkosi, alikanyaga kitu, alitembea nje. Baba wengine hubaki na kubeba mzigo wao, na wanastahili heshima. Wengine huondoka kwenda kutafuta maisha Mbeya au ng'ambo ya mto Malawi, na maisha hayo hayapatikani mpaka mtoto anafikisha miaka kumi.

Njia ya kwenda Matema inapita Ipinda, mji mdogo wenye soko. Kabla ya kufika ziwani, inafaa kusema habari za kifafa, kwa sababu hakuna ugonjwa unaoonyesha vizuri zaidi jinsi imani inavyoweza kumwokoa mtoto au kummaliza.

Jikoni kwa Mnyakyusa, kama kwingi vijijini, moto uko chini, kwenye mafiga. Nje kuna mto, mfereji au ziwa. Injili ya Marko, sura ya 9, ina habari za baba aliyemleta kijana wake kwa Yesu, kijana ambaye tangu utoto alikuwa akiangushwa motoni na majini. Hakuna mzazi wa Kyela mwenye mtoto wa kifafa anayehitaji kuelezwa maneno hayo. Makovu ya moto kwenye mikono ya mtoto yanaeleza. Mtoto wa jirani akitumwa kuchota maji harudi na hadithi yoyote, lakini huyu akichelewa dakika kumi mama anakimbia.

Sababu za kifafa ni nyingi na zinajulikana. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa kwa kuwa uchungu ulikuwa mrefu, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa. Nyingine inatokana na nguruwe, na mkoa wa Mbeya ni wa wafugaji wa nguruwe. Mtu mwenye tegu la nguruwe akijisaidia porini, mayai yake huingia kwenye maji na mboga, na mwingine akiyameza, mabuu huweza kwenda kukaa kwenye ubongo. Choo, banda la kumzuia nguruwe asizurure, kunawa mikono na nyama iliyoiva vizuri huvunja mzunguko huo. Sababu hizo zote hazihusiani na laana ya bibi.

Dawa ipo. Fenobabitoni ni ya zamani na ya bei ndogo, na zipo nyingine kama kabamazepini. Wagonjwa wengi wakimeza kila siku bila kuruka hupata nafuu kubwa. Hatari kubwa ni kuacha ghafla, maana degedege linaweza kurudi mfululizo na kuua. Na hapo ndipo mahubiri yanapohitaji kuangaliwa. Mhubiri anayemwambia mama atupe vidonge kama ushuhuda wa imani anacheza na uhai wa mtoto wa mwenzake. Mhubiri mwingine, kwa andiko lile lile la Marko, husema: yule baba hakumficha kijana, alimleta mbele za watu wote, na alikiri kwamba imani yake ina upungufu. Wa kwanza ana sauti kubwa zaidi, ndiyo. Wa pili ndiye anayetufaa.

Katika historia ya Kanisa, huduma kwa watu wenye kifafa ina msiba ndani yake, na msiba huo umeigusa nchi hii. Mwaka 1869 mchungaji mmoja wa Ujerumani, Friedrich von Bodelschwingh, alikuwa akihudumu kijiji cha Dellwig. Mwezi Januari maradhi yaliingia nyumbani kwake, na kwa muda wa wiki mbili tu yeye na mkewe Ida walizika watoto wao wanne. Wote waliokuwa nao.

Miaka mitatu baadaye alikubali kuongoza nyumba ndogo ya watu wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld. Mahali hapo paliitwa Betheli, nyumba ya Mungu, na pakawa kama mji: karakana, mashamba, shule, makanisa, watu wenye kifafa wakifanya kazi pamoja na wasio nacho. Bodelschwingh mwenyewe alisema kwamba msiba ule ndio uliomfundisha kuwahurumia wengine. Mungu aliwajalia watoto wengine baadaye. Mmoja wao, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, alizaliwa mwaka 1877 na akairithi kazi. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipotaka fomu za wagonjwa zijazwe ili wachaguliwe wa kuuawa, alikataa.

Kutoka Betheli mashemasi na masista walitumwa mpaka Usambara. Huko Lutindi, Korogwe, mwaka 1896 kulianzishwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili, na panatajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Ipo mpaka leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa hufanya kazi kwenye mashamba ya chai na kahawa kama sehemu ya matibabu. Mtu aliyekaa Lutindi hajui kwamba chanzo chake kimoja ni makaburi manne ya watoto huko Dellwig. Hana haja ya kujua.

Kyela haina Betheli. Shule ya kwanza ya wasioona Tanganyika ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950 Buigiri, Dodoma. Ya viziwi ya Wakatoliki iko Tabora tangu mwaka 1963, mwaka ambao Walutheri walianzisha ile ya wasioona Irente, Lushoto. CCBRT, iliyoanza mwaka 1994, iko Dar es Salaam. Karibu kidogo ni Iringa, ambako Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, na viziwi wakawa mafundi na wahudumu wa mgahawa. Ukitazama ramani utaona jinsi huduma hizo zilivyo mbali na ufukwe huu. Nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam na mtoto, pamoja na chakula na malazi, ni magunia ya mpunga.

Kwa hiyo kinachofanyika hapa ni kidogo na kinafanyika karibu. Kinaanza na mzazi mmoja anayekubali kuonekana. Mama anayemfunga mtoto wake mgongoni, mtoto wa miaka saba mwenye miguu inayoning'inia, akaingia naye kanisani na kukaa benchi la mbele badala ya lile la mlangoni. Wiki inayofuata anakuja mwingine, maana kila mtaa una mwingine. Wakishakuwa watano wanakuwa kikundi, na kikundi Tanzania kikishakuwapo, VICOBA hakiko mbali.

Mambo wanayoyafanya hayahitaji wafadhili wakubwa. Seremala wa usharika anatengeneza kiti cha kona chenye meza ya mbele, kumshikilia mtoto ambaye shingo na mgongo havijakaza, ili ale akiwa amekaa na chakula kisimpalie. Mianzi miwili inayofungwa sambamba kwenye nguzo uani, kwa kimo cha kiuno, inatosha kumfundisha mtoto kusimama na kuhatua. Mafiga yanainuliwa juu, kwenye jiko la udongo, kwa ajili ya nyumba yenye mtu wa kifafa. Mmoja anakwenda kuwachukulia wenzake dawa za mwezi wakati wa mvua. Na jambo ambalo wanaume hulidharau: zamu. Mama mmoja anakaa na watoto watatu siku ya Jumanne ili wawili waende kupalilia.

Mzazi wa namna hiyo huwa hana mafunzo. Ana miaka kumi ya kumgeuza mtoto usiku asipate vidonda, na miaka kumi hiyo ndiyo elimu yake. Akimtembelea mama kijana ambaye ndiyo kwanza ameambiwa hospitali kwamba mwanawe ana kichwa kikubwa au mgongo wazi, maneno yake huingia kuliko ya mganga na ya mchungaji pia. Anajua kwamba kichwa kikubwa kinahitaji upasuaji mapema na kwamba kungoja kunaharibu ubongo. Anajua pia kwamba nyayo za kupinda zikiwahiwa mtoto akiwa mchanga hunyooshwa kwa plasta hatua kwa hatua, bila kuacha kilema.

Jua la tambarare hii nalo lina watu wake. Kuvuna mpunga na kuanika usipa ni kazi za jua kali, na mtoto mwenye ualbino akizifanya bila kofia pana na mikono mirefu, ngozi yake inaungua, na saratani ya ngozi huanzia hapo. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa KCMC, Moshi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi, mtu mmoja wa Canada, Peter Ash, alizisoma habari hizo mwaka 2008. Yeye na ndugu yake Paul walizaliwa na ualbino, na walikua wakichekwa shuleni. Aliwahi kuwa mchungaji, baadaye mfanyabiashara. Mwaka huo huo akaanzisha shirika la Under the Same Sun kutetea watu wenye ualbino, na Tanzania ikawa uwanja wake wa kwanza. Kejeli za utotoni zingeweza kumfanya ajifiche maisha yake yote.

Mito nayo ina lake. Nzi mdogo anayezaliana kwenye maji yanayokwenda kasi hueneza usubi, ugonjwa unaowasha ngozi na mwishowe kupofusha, na mabonde yanayoshuka kutoka Rungwe kuja Kyela ni moja ya maeneo yake nchini. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kutoa dawa ya Mectizan bure, na vijijini inagawiwa na wanakijiji wenyewe, wakipima kimo cha mtu kwa fimbo ili wajue vidonge vingapi. Uchunguzi uliofanywa Mahenge umehusisha usubi na kifafa cha watoto, kwa hiyo vidonge hivyo huenda vinalinda zaidi ya macho. Tangazo la kugawa dawa likitolewa kanisani, watu hutokea wengi zaidi. Hilo nalo ni huduma, ingawa halina picha ya kuvutia.

Serikali ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Kikundi kilichozaliwa kanisani kinaweza kujisajili na kuomba. Inataka katiba ya kikundi, akaunti ya benki na uvumilivu wa kupanda ngazi za ofisi ambazo, kwa kejeli isiyokusudiwa, mara nyingi ni ngazi kweli, bila njia ya kiti cha magurudumu.

Matema ni mwisho wa barabara kwa magari mengi. Milima inasimama wima juu ya maji, mchanga ni mweupe, na watalii wachache wanaofika huogelea bila kujua kwamba nyuma yao kuna hospitali ya Kilutheri, ya Dayosisi ya Konde, ambayo kwa watu wa ufukwe huu ndiyo mlango wa karibu. Wagonjwa wanakuja kwa mtumbwi kutoka vijiji ambavyo mlima umevinyima barabara.

Kimoja cha vijiji hivyo ni Ikombe, cha Wakisi, wanawake wafinyanzi wanaoumba vyungu vyembamba kwa mkono. Upande huo liko pango la Palikyala, mahali pa Kyala, ambako wazee walipeleka sadaka zamani. Wamisionari walilichukua jina la Kyala wakalifanya jina la Mungu katika Kinyakyusa, na ndilo linaloimbwa leo. Ufinyanzi ni kazi ya kukaa chini, vidole vikifanya kazi yote, na binti asiyetembea au asiyesikia anaweza kuanza kuujifunza kwa kumtazama mama yake.

Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, jirani na Matema. Vyungu vinapangwa mchangani, vinafungwa kwa majani, vinabebwa kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Mitumbwi inayorudi Ikombe jioni inachukua chumvi, sabuni, mchele, na wakati mwingine mama anayetoka hospitali na mtoto mapajani, na mfuko wa nailoni wenye vidonge vya mwezi mmoja ukiwa umefungwa fundo kwenye khanga yake, ili maji yasiuguse.